Mama Aliyebaki Katikati ya Mto

Nitaanza na mikono yake, kwa sababu kwangu mimi mtu ni mikono. Nimekaa nyuma ya dirisha la bucha miaka yangu yote ya utu uzima, na anayekuja kununua nyama humwoni uso kwanza. Unaona mkono unaoelekeza: hapo, hapana, juu kidogo, toa hayo mafuta. Mikono ya Mwalimu ilikuwa mirefu kuliko inavyostahili mwili wake mdogo, na nilipokuwa nikikata ilikuwa inagongagonga ubao wa kaunta, vidole vyote, mbio mbio. Nilidhani ananiharakisha. Nikamwambia, mama, ukiniharakisha nitakupimia na kidole changu humo ndani. Akacheka, akasema hana haraka yoyote, anapiga piano.

Piano, juu ya kaunta ya bucha. Nikajua huyu tutajuana.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo waulizeni watu wa kwao. Mimi namjua kuanzia dirisha la bucha kwenda mbele. Bucha yangu iko kando ya mtaa wa Woodley, ingawa mwenyewe ni mtu wa Dagoretti na nyama naitoa huko machinjioni alfajiri. Yeye alikuwa mwalimu aliyestaafu, amefundisha watoto wa mtaa mzima na wazazi wa hao watoto. Mimi hakunifundisha. Mimi shule tuliachana mapema, tulipofika kwenye kugawanya, na mpaka leo nagawanya ng'ombe mzima bila shida lakini usinipe kalamu. Hata hivyo nilimwita Mwalimu kama kila mtu, naye akaniita Baba Wambui, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Paka wake alinunuliwa steki, yeye akanunua mifupa ya supu. Watoto waliopiga mluzi barabarani aliwafokea mpaka wakaomba msamaha, halafu ukimkuta anaanika nguo nyuma ya nyumba, anapiga mluzi kama utingo. Alipenda piano kuliko kitu chochote chini ya mbingu, na nyumbani kwake hapakuwa na piano. Nilimuuliza sababu. Akasema piano ikikaa nyumbani itamzoea, na yeye hataki kuzoewa.

Kanisani ndiko alikopiga, kinanda cha umeme cha kwaya. Nyimbo za ibada alizipiga wima kabisa, kama mtu amevaa sare. Lakini sadaka ikianza kupita, mikono yake ilibadilika. Alipiga kitu cha polepole, kitamu, watu wakafunga macho wakidhani ni roho inawagusa. Siku moja, tayari tukiwa tumejuana vizuri, nikautambua ule muziki. Ulikuwa wa sinema. Nikafungua macho, nikamwona ananitazama kupitia kioo kidogo alichobandika juu ya kinanda, na akanikonyeza. Mwalimu, mama wa kanisa, mwenye kitambaa kichwani, amenikonyeza huku wazee wa kanisa wakipitisha vikapu.

Sasa nimefika kwenye kanda. Nilikuwa nakimbilia huko tangu mwanzo, nikajizuia.

Mwalimu alikuwa na kanda za muziki wa sinema, lakini si muziki wowote. Piano peke yake. Akisikia fidla au ngoma zinaingia, anapeleka mbele mpaka piano irudi. Alisema ala nyingi kwa pamoja ni kama watu wa harusini, wote wanaongea na hakuna anayekuambia kitu, lakini piano moja ni mtu mmoja amekaa mbele yako. Kanda nyingi alipewa na jirani yake, Kalasinga mmoja mzee wa kilemba aliyekuwa na duka la vipuri vya magari mjini. Mtaa mzima ulimwita Mzee wa Spea. Ndugu zake walioko ng'ambo walimtumia kanda, naye akazisikiliza, akasema hizi zina kilio kingi, mpelekeeni Mwalimu.

Na hapa ndipo penye ajabu, shikeni vizuri: zile sinema zenyewe hakuwahi kuziona hata moja. Alikataa. Mzee wa Spea alijitolea kumpeleka ukumbini mjini, akakataa. Televisheni alikuwa nayo ya taarifa ya habari tu. Yeye aliweka kanda, akafunga macho, akasikiliza piano, na kutoka kwenye piano akajua sinema yote: nani anapenda nani, nani amekufa, nani anadanganya. Kisha Jumamosi alasiri alituita sebuleni, mimi, Mzee wa Spea na majirani wawili watatu, tukavua viatu, akatuwekea kanda na kutusimulia sinema huku muziki unaendelea. Chai ilikuja mwishoni. Aliyeongea katikati hakupata chai.

Alikuwa na njia yake ya kuusoma ule muziki, na aliturudia nayo kila Jumamosi kama hesabu za jedwali. Mkono wa kushoto wa piano, ule wa sauti nzito, ni mahali: nyumba, barabara, mvua, soko. Mkono wa kulia, ule wa sauti nyembamba, ni mtu. Sauti ikipanda, mtu anakwenda. Ikishuka, anaketi, anachoka, au anakumbuka. Na juu ya yote kulikuwa na sheria moja. Alisema, "Sisemi ambalo piano haijasema." Ukimuuliza, Mwalimu, yule bwana aliyepotea sura ya kwanza alienda wapi, atakujibu kwamba piano haikumtaja tena, kwa hiyo hajui, na wewe usimsumbue.

Mimi nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nimechinja ng'ombe wasiohesabika, na nakuapia nilikaa kwenye lile zulia mwili wote unasisimka. Natoka pale nikitembea kuelekea Dagoretti siioni barabara. Hiki ninachofanya sasa, kusimulia, nilikitoa kwenye ile sebule. Mahali pengine popote sikukitoa.

Sinema tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama mjane na punda. Mjane huyu alifukuzwa kwao, akapakia vitu vyake vyote juu ya punda, na usiku mmoja punda akakata kamba, akavuka mto na mizigo yote. Asubuhi mama akaingia majini kumfuata. Mkono wa kushoto ukawa maji. Mwalimu alitusimulia na sisi tukayasikia kweli, yanazunguka, yanavuta, na juu yake mkono wa kulia, mama, hatua moja, anasimama, hatua nyingine, anasimama. Maji kiunoni. Maji kifuani. Na hapo, tak, kanda imeisha.

Aliyenakili ile kanda huko ng'ambo ilimwishia katikati. Tulimsihi Mwalimu amalizie. Akatutazama kama tumemwomba aibe.

Kwa hiyo yule mama alibaki mtoni. Miaka ikapita. Watoto wa Woodley wakazaa watoto, ghorofa zikaota tulipozoea kuona bustani, na mama yuko majini mpaka kifuani. Kila mwisho wa mwezi tuliomba ile kanda irudiwe, na ikikatika Mzee wa Spea alivuta pumzi, akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu mama atapata homa ya mapafu. Mtoe kwa maji." Na Mwalimu alijibu kila mara kwamba atamtoa siku piano itakapomtoa.

Kosa langu mimi lilikuwa mdomo. Kule machinjioni tulinywa chai baada ya kazi, na mimi nikawasimulia wenzangu ile sinema, wanaume wa visu na gamubuti, nao wakashikwa kama nilivyoshikwa. Waliamini sinema yenyewe iko hivyo hivyo, na mimi pia niliamini. Basi siku moja napita karibu na soko la Dagoretti, kwenye banda la mabati walikoonyesha video, nikasikia ndani muziki wa mjane. Ndio wenyewe. Nilikimbia machinjioni na aproni yangu, nikawaita wote, twendeni, punda anaonyeshwa. Waliacha chai. Tulilipa, tukajipanga mbele, njugu mkononi.

Kwenye skrini kulikuwa na mwanaume mnene ananyoa ndevu. Piano inalia vile vile, hatua, kusimama, hatua, na huyu bwana ananyoa shavu la kushoto, anasuuza wembe, ananyoa la kulia. Hakuna mto. Hakuna mjane. Mwenzangu mmoja akaniinamia sikioni, akauliza, "Sasa punda iko wapi?" Kabla sijajibu, stima ikapotea. Ukumbi mzima giza, na mwenye banda akasema turudi kesho. Kesho yake alionyesha sinema ya mateke. Nilimuuliza jina la ile ya jana, akasema hajui, kanda ilikuja ndani ya boksi la sinema nyingine.

Tangu siku hiyo mimi kule machinjioni sikuitwa tena kwa jina langu. Naitwa Punda. Hata vijana walioajiriwa juzi, wasiojua ilianza vipi, wananiambia, niaje Punda.

Nilimwendea Mwalimu na kumweleza yote, ndevu na wembe na giza. Nilidhani atavunjika moyo. Aliniuliza kama wenzangu walilia. Nikasema hapana, walikula njugu. Akafikiri kidogo.

"Basi yangu ni nzuri zaidi," akasema. "Huyo mwenye ndevu amepewa muziki wa mtu mwingine."

Nimesema alipiga mluzi akianika nguo. Huo mluzi ndio uliokwisha kwanza. Halafu akaanza kuniambia ndege wa asubuhi wamehama Woodley, na mimi nilikuwa nawasikia wamejaa kwenye mti wa jirani yake. Jumamosi alipandisha sauti ya spika mpaka paka akahamia jikoni. Tulitazamana, mimi na Mzee wa Spea. Mwishowe alisema mwenyewe, siku amekuja kuchukua mifupa. Daktari amemweleza kwamba masikio yake yanafunga kuanzia sauti za juu kushuka chini, kama mtu anayezima taa za ghorofa, sakafu kwa sakafu. Hakuna dawa. Vifaa vya kuvaa masikioni alijaribu, akasema piano inasikika kama sufuria.

Alisema haya yote bila kutikisika, kama anasoma taarifa ya habari. Vidole tu ndivyo vilivyonyamaza juu ya kaunta. Kisha akasema, "Kinachoniuma ni yule mama, Baba Wambui. Nimemweka mtoni mimi, na nitamwacha humo."

Ndugu zangu, nilifunga bucha siku ile mapema.

Nilianza kuutafuta ule muziki, mzima. Jina hatukuwa nalo, karatasi ya ile kanda ilishafutika zamani. Nilichokuwa nacho ni koo langu. Kila nilipopeleka nyama mjini, nikimaliza nazunguka kwa wauza muziki, barabara ya Tom Mboya, River Road, ngazi za juu, ngazi za chini, nasimama mbele ya kijana wa watu na kumwimbia piano kwa mdomo. Dum dum, ti... ti ti. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akaniuliza, "Mzee, hii ni wimbo ama unaumwa na tumbo?" Mwingine aliita wenzake waje wasikie. Sikujali. Nilishaitwa Punda, ningeogopa nini tena.

Sasa sikilizeni ilivyokuja. Kuna hoteli moja kubwa mjini naipelekea mbuzi. Sisi huingia kwa nyuma, jikoni, hakuna anayetuona. Siku hiyo mlango wa nyuma ulikuwa unatengenezwa, wakaniambia nipite mbele, haraka, nisisimame. Nikaingia na koti langu jeupe, paja la mbuzi begani, kwenye sakafu inayong'aa mpaka unajiona. Na juu, kwenye dari, kwenye vile vispika vidogo ambavyo hakuna mgeni anayevisikiliza, mama alikuwa anaingia mtoni.

Nilisimama. Hatua moja. Maji kiunoni. Askari wa mlangoni akaja mbio, akaniambia, "Mzee, songa, unadondoshea sakafu damu." Nikamwambia anyamaze, mama yuko kwa maji. Sijui aliona nini usoni mwangu, alinyamaza kweli. Maji kifuani. Ikafika pale, pale kwenye tak yetu ya miaka yote, na piano ikapita. Ikaendelea. Nilisikia kitu ambacho Woodley nzima haikuwahi kusikia, na nywele za mikono zilisimama chini ya lile koti.

Na mara moja nikaogopa. Kwa sababu baada ya kitambo kidogo mkono wa kulia ulinyamaza. Ulinyamaza kabisa, na mkono wa kushoto ukabaki peke yake, maji tu, yanazunguka, yanazunguka, mpaka mwisho.

Dada wa mapokezi aliniuliza kama naumwa. Nikamweleza, nimesimama na paja langu: Mwalimu, masikio, mjane, mto. Alikuwa amekuja kunifukuza, akaishia kuegemeza kiwiko. Aliniuliza kama mjane alivuka. Nikasema si mimi wa kusema. Akaenda kwenye kompyuta, akautafuta ule muziki, na kwa kuwa simu yangu ni ile ya tochi, akautuma kwenye simu ya Wambui. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba nikija na mbuzi tena nimwambie.

Jumamosi hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza, na baada yake sitakuwa na cha kuongeza.

Wambui aliuingiza muziki kwenye flashi, akaipachika kwenye spika kubwa za mbao za sebuleni kwa Mwalimu. Mzee wa Spea alikuja akishikiliwa mkono, tukavua viatu. Mwalimu alikuwa amekonda. Kwa kuongea alituelewa akituangalia midomo, na sauti yangu mimi, kwa vile ni nzito ya kuitia watu nyama, ilimfikia kuliko za wengine. Alivuta kiti mpaka karibu na spika, akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao, akafumba macho.

Wambui akabonyeza.

Tulimtazama. Kwa muda alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kisha akafumbua macho, na nilimwona anatafuta, kama mtu aliyeingia chumbani akakuta wenyewe wametoka. Akainua mkono, Wambui akasimamisha.

"Maji yapo," akasema. "Mto wote upo. Mama simsikii."

Akageukia kwangu, akaniambia nisogee, nikae mbele ya macho yake. Wewe utanisemea mkono wa kulia, akasema, mimi nina wa kushoto. Nikamwambia Mwalimu, mimi sijasoma, sijui piano. Akaniambia sijaulizwa piano, nimeulizwa mama yuko wapi. Na nisiongeze, nisipunguze.

Tukaanza upya. Mimi nikasema kwa sauti ya bucha: ameingia. Hatua. Amesimama. Naye, viganja juu ya mbao, akaongea maji: yamefika kiunoni, yanavuta upande huu, kuna jiwe hapo. Hatua, nikasema. Amesimama. Tukaenda hivyo, yeye mto, mimi mjane, mpaka kifuani, mpaka pale penye tak, na Mzee wa Spea akanishika bega kwa nguvu za ujana wake. Tukapita. Nikasema hatua, hatua, hatua, hasimami tena. Jasho linanitoka. Nilijua kinachokuja na sheria yake niliijua.

"Amenyamaza, Mwalimu," nikasema.

"Amenyamaza?"

"Hayupo. Maji tu."

Alikaa na yale maji. Niliyaona yanapita kwenye mikono yake. Wambui alikuwa ameangalia sakafuni. Halafu Mwalimu akaniuliza, macho bado yako kwenye mdomo wangu, "Aliponyamaza, sauti ilikuwa inapanda au inashuka?"

Nilirudi kwenye ile hoteli kichwani, chini ya dari, nikarudi kwenye dakika iliyopita, nikausikiliza tena muziki wa mara zote mbili, na nikawa na hakika.

"Inapanda," nikasema. "Ilikuwa inapanda mpaka ya mwisho kabisa."

Mwalimu akaipiga ile spika kofi, akacheka kicheko cha binti. "Mto haupandwi, Baba Wambui. Ukingo ndio unapandwa. Ameshafika. Ametoka kwenye maji, ametuachia mto."

Mzee wa Spea alilia waziwazi, akajipangusa kwa ncha ya kilemba, akasema anataka chai sasa hivi na yule mama wa mtoni naye apewe. Mwalimu hakuinua mikono mpaka maji yalipoisha. Nilipoaga alikuwa anamwambia Wambui arudishe mwanzo.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja machinjioni, nikawakuta wale wa zamani wamebaki wachache, wananoa visu kwenye benchi. Mmoja, yule wa njugu, akaniona kutoka mbali, akanipigia kelele kama kawaida, "Punda, habari ya mto?"

"Amefika," nikasema.

Nilitegemea wacheke. Yule mzee aliweka kisu chini, akasogea kwenye benchi kunipa nafasi ya kukaa.

"Kaa," akasema. "Anzia pale stima ilipotea."